Pedali Inayopenda Mvua

Septemba 20

Niandike kwanza jambo ambalo kila mtu hapa Kindu analijua, ila wivu unamzuia kulisema: tangu Mungu aumbe umeme, hajaumba fundi kama mimi Waziri. Radio ya marehemu babu ilikuwa bubu miaka minne. Niliikazia macho tu, bila bisibisi, ikasoma habari zote mpaka matangazo ya vifo. Simu zilizoanguka mtoni Lualaba zinafufuka nikizipulizia. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari kwa sababu mwalimu wa fizikia alizidi kuniuliza mimi maswali, nami sikutaka kuendelea kumuaibisha.

Leo Maestro Arsène, kiongozi wa korale, kwaya ya parokia ya pale juu, ameniita. Sisi kwetu ni watu wa msikiti, lakini waya hauulizi mtu anaswali wapi. Mtoto mmoja wa parokia anayeishi Ulaya amewatumia piano ya umeme, ndefu, nyeusi, imelala juu ya miguu yake ya chuma kama mamba aliyeshiba. Chini yake iko pedali moja ya mguu wa kulia. Ukiikanyaga, sauti inabaki inaelea hata vidole vikiondoka. Ukiiachia, sauti inakatika. Hiyo njo kazi yake yote. Ulimi wa chuma na waya mmoja! Kitu kama hicho mimi natengeneza nikiwa nakula.

Arsène amenipa daftari hili. "Andika kila siku kifaa kimefanya nini. Jubile ya parokia iko Desemba 14. Ikiisha utanirudishia, nisome."

Alisema hayo karibu na pua yangu. Mtu huyu anakula makayabu, samaki wa chumvi, asubuhi, mchana na katikati. Nimeshika pumzi mpaka machozi yakatoka, naye akadhani nimeguswa na heshima. Nitamnakilia daftari lingine, safi. Hili ni langu, na harufu yake itakaa humu.

Septemba 21

Misa ya kwanza na piano. Mpigaji ni Mama Emerance wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Anavuka kwa mtumbwi na Odette, jirani yake anayeimba soprano. Mama ana miaka karibu sabini na mdomo wa miaka ishirini. Amefika na matope hadi magotini, akajifuta kwa kitambaa chenye harufu ya samaki wa mtumbwini, akatoa mfukoni viatu vyeusi vya ngozi laini vilivyofungwa na plastiki. Viatu hivyo alipewa na masista waliomfundisha kinanda. Havigusi udongo, havigusi kitu ila pedali.

Nieleze akili yangu. Mafuta ya jenereta ni machache. Kwa hiyo kitufe cha piano nimekiacha kimewashwa siku zote, na jenereta iko nyuma ya sakristia. Mama akishakaa, korale ikishasimama, Arsène anainua mkono dirishani, mimi navuta kamba: vruum, piano inaamka. Hakuna tone linaloungua bure. Akili hiyo haifundishwi shuleni, na ndiyo maana niliondoka.

Nimevuta kamba. Mama akaanza. Ee Mola! Akikanyaga pedali, sauti zinakatika kama kuni kavu. Akitoa mguu, zote zinabaki, zinapandana, zinaoza pamoja kama mboga ya sombe iliyolala siku tatu. Korale ilipotea tangu mstari wa kwanza.

"Weye mutoto," Mama akaniambia baadaye, "hii kitu yako iko nafanya kinyume. Nikikanyaga inanyamaza, nikitoa muguu inalia."

"Waziri!" Arsène akapiga kelele. "Ulisema iko muzima!"

Watu walipoondoka nimewasha tena, nikakaa, nikajaribu. Nzima kabisa. Inakanyagika, inaachika, tamu kama asali.

Septemba 27

Nimefungua pedali. Ndani kulikuwa na mende watatu, mayai yao, na kinyesi chao kimekauka kama chai ya majani. Nimesafisha vyuma vyake kwa lotoko, ile pombe kali inayochoma hata kucha. Mende mmoja alipita kwenye midomo yangu. Sijala chakula tangu asubuhi.

Jioni katika mazoezi: kinyume tena.

Oktoba 4

Mvua kubwa. Mtumbwi ulikataa kuvuka, Mama akachelewa saa nzima. Arsène hakungoja, akaniagiza niwashe, akawa anawafundisha wasoprano kwa kidole kimoja. Mama alipofika amelowa kama shuka, akakaa, akapiga. Pedali nzima! Mama akacheka hadi nikaona jino lake la nyuma. "Leo inanisikia," alisema.

Ni lotoko yangu iliyofanya kazi. Niliwaambia wote, na wale ambao hawakuwapo niliwatafuta.

Oktoba 5

Jua. Kinyume.

Oktoba 11

Nimebadilisha waya wote, nikatumia waya wa spika ya mjomba (hajui bado). Nimekagua fishi yake kama imeingia hadi mwisho na kama imeingia tundu lake, siyo la jirani. Nimejaribu mara ishirini nikiwa peke yangu. Mara ishirini nzima.

Mama akaja, jua linawaka, akaweka mguu, Arsène akainua mkono, nikavuta kamba. Kinyume.

"Tununue pedali ingine," Arsène alisema. Itoke wapi? Vitu kama hivyo vilikuwa vinatoka Bukavu, na njia ile vita imeikalia. Madarasa ya parokia yamejaa watu waliokimbia, wanapika ndani, moshi na mikojo vinaingia kanisani kwa mlango mmoja. Hapo ndipo mimi natakiwa nifikiri.

Oktoba 18

Mvua. Mama kachelewa. Pedali nzima.

Nimekaa na kalamu, nikahesabu siku zote tangu mwanzo. Siku za jua, kinyume. Siku za mvua, sawa. Muntu mwenye shule ndogo angesema ni bahati. Mimi nimegundua: pedali inapenda mvua! Unyevu wa kiatu cha Mama njo unaipa umeme njia yake. Nimemweleza Arsène, akabaki mdomo wazi karibu na pua yangu, na hiyo ilikuwa adhabu yangu ya leo.

Oktoba 25

Jua kali. Nimemwambia Mama Emerance mbele ya korale yote alowanishe viatu.

"Viatu vya masista?" aliuliza.

"Mama, ni sayansi."

Alikuwa na hamu ya jubile kuliko mtu yeyote pale, hilo mtoto mdogo angeliona. Akavivua, akanipa. Nimevitia ndani ya ndoo, maji ya kisima, rangi ya uji wa mihogo. Akavaa. Viatu vikatoa sauti ile ya chura anayekanyagwa: chwa, chwa. Akakaa, akaweka mguu, nikavuta kamba.

Kinyume.

Ngozi ilipokauka ilivimba na kupasuka pembeni. Mama alivifunga tena na plastiki yake, taratibu, kama mtu anayefunga mkono uliovunjika. Afadhali angenitukana.

Oktoba 26

Kinyume. Nimeota mende.

Novemba 1

Mvua ilianza kabla ya mazoezi na korale haikuja. Mama alikuwa ameshavuka mapema, hivyo tumekaa wawili sakristiani, yeye akitafuna karanga, mimi nikihesabu matone yanayoingia juu ya kabati. Alivua ndala ili kukausha miguu. Nikaona mguu wa kulia. Sitaki kuuandika lakini nitauandika: vidole vitatu vimekaa kama tangawizi iliyosahauliwa jikoni, vimepandana, kucha hazipo. Nilitazama ukuta.

"Tazama tu, hautakukula weye," alisema.

Akanisimulia bila haraka. Ile vita ya zamani, mwaka mji ulifungwa pande zote, watu wanakula sombe bila chumvi na bila mawese. Wenye bunduki wakaingia kanisani wakitafuta kuni. Mabenchi yalikwisha. Wakakiona kinanda cha misioni, kile cha upepo, ambacho unakipa pumzi kwa kukanyaga kwa miguu miwili. Mama akakaa kwenye kiti chake akaweka miguu juu ya vikanyagio, akakataa kutoka.

"Nilikuwa na akili ya mbuzi," alisema. "Nilifikiri wataona haya."

Mmoja akashusha kitako cha bunduki juu ya mguu wa kulia. Mara mbili. Kisha wakakipasua kinanda pale pale mbele yake, wakakitumia kuchemshia mihogo. Alisema harufu ya ile gundi ya zamani ikiungua haijatoka puani mwake mpaka leo. Tangu hapo amepiga juu ya meza ya kulia chakula, miaka yote hii, ili vidole visisahau. Wajukuu wanadhani anaua sisimizi.

"Sasa wamenipa hii ya umeme," alisema, "na muguu njo unanikatalia?"

"Siyo mguu, Mama. Ni waya. Nitaumaliza."

"Na nikikaa tu, miguu inakwenda yenyewe chini. Kinanda cha zamani bila muguu hakina pumzi. Lazima umupe pumzi mbele ya kuanza wimbo. Sister alinipiga fimbo juu ya hiyo."

Nikaitikia kama mtu anayesikiliza. Kweli nilikuwa nawaza zile karanga, kwa kuwa alizishika kwa mkono ule ule uliogusa mguu, na alikuwa ananipa. Nilizila. Nikazitapika nyuma ya jenereta.

Novemba 8

Jua. Kinyume, tena vibaya kuliko siku zote.

Arsène akaniita katikati ya korale, watu arobaini wakiangalia. "Fundi! Mende umetoa. Waya umebadilisha. Viatu vya Mama umeviua. Sasa sema, tuelewe: weye njo uko fundi, ao hauko fundi?"

Watu wakacheka. Odette alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi kuchekwa sijazoea, kazi ya kucheka wengine ni yangu. Damu ikapanda.

"Pedali ni nzima!" nikasema. "Nikikaa mimi, nzima. Akikaa Arsène, nzima. Kilichokufa si pedali. Ni muguu wa Mama. Ulikufa tangu vita, haujui chini ni wapi na juu ni wapi!"

Nilingoja wacheke. Wakacheka kweli, wengine. Mama Emerance alikuwa ameshika ukingo wa piano, akatazama mguu wake kama anatazama mtoto aliyeiba.

Novemba 9

Watoto wa korale wanachechemea wakipita mbele ya piano, wanasema wanatafuta chini. Utani wangu umekuwa wa watu wote. Ladha yake mdomoni kama betri iliyovuja.

Novemba 15

Jua. Kinyume. Arsène amemleta Cédric, yule anayepiga kinanda katika bendi moja ya mjini, nywele zimepakwa mafuta ya kutosha kukaangia samaki. Anatafuna chingamu, ameibandika chini ya kiti cha Mama kabla Mama hajaondoka. "Mama apumzike," alisema. "Mimi naweza hata bila pedali." Arsène amesema: kama haijatengenea tarehe 29, jubile atapiga Cédric.

Novemba 19

Jumatano. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda na rafiki yangu Djo tu, anisaidie kuvuta kamba kwa kuwa mkono wangu umechubuka. Nilikuwa chini ya kiti nakwangua chingamu ya Cédric. Ilikuwa bado laini, na alama za meno yake. Ili niifikie niliegemea goti langu juu ya pedali. Djo, mjinga, hakungoja nimwite. Vruum. Piano ikaamka.

Nikapanda kitini, nikapiga. Kinyume! Kwangu mimi! Nikikanyaga inakatika, nikiachia inaoza.

Nikamwambia Djo zima. Nikainua miguu yote miwili juu kama mtu anayevuka tope. Washa. Nzima. Zima. Nikakanyaga. Washa. Kinyume. Tumefanya hivyo mara saba, Djo akaniuliza kama nina homa.

Njo hivi. Piano ikiamka, kitu cha kwanza inaitazama pedali. Vile inavyoikuta, inafikiri ni vile inavyolala. Ikiikuta juu, sawa. Ikiikuta imekanyagwa, inasema: aa, kumbe kukanyagwa ndiyo kulala kwake, na kuanzia hapo inahesabu yote kinyume mpaka uizime. Mama akikaa tu anaweka mguu, kwa sababu ya kinanda kile cha pumzi. Nami navuta kamba akiwa ameshakaa, kwa sababu ya akili yangu ya mafuta. Siku za mvua alichelewa, akakuta imeshawashwa. Mvua haina kazi yoyote hapo. Lotoko haina. Viatu havina.

Waya haukuwa na kosa. Mende hawakuwa na kosa, hata wale walikuwa wakazi tu. Kosa ni kamba, na kamba ni mimi.

Nilikaa pale na ile chingamu imenata kidoleni. Nilijisikia kama nimelamba sakafu ya mtumbwi.

Djo hakuelewa kitu. Nikamwambia atulie. Nimepanga: sitasema sasa. Nikisema sasa, watu arobaini watajua kwamba yule aliyemtukana Mama ndiye aliyeharibu. Nitangoja. Tarehe 29, mbele ya wote, nitaifungua pedali, nitaipuliza, nitaifunga, nitaiwasha kabla Mama hajakaa, na itapona mbele ya macho yao. Mama atapiga, mimi nitasamehewa, na hakuna atakayejua. Siku kumi tu. Siku kumi zinamuua nani?

Novemba 22

Jua. Nimevuta kamba kama kawaida, mguu wake ukiwa chini. Nilijua, nikavuta. Kinyume.

Baada ya mazoezi wote walitoka. Mama alibaki kwenye kiti. Nilikuwa nakunja waya.

"Waziri."

"Mama."

"Weye uko fundi. Nakuuliza kama fundi, haina utani. Usiniogope. Kweli iko muguu?"

Mlango ulikuwa wazi. Nje watoto wa wakimbizi walikuwa wanagombania sufuria. Ningeweza kusema maneno matano. Nilikuwa nayo kabisa, yamesimama kwenye ulimi, yamepanga mstari. Nikaona watu arobaini. Nikaona Odette ameshika nguzo.

"Mama," nikasema, "mimi natengeneza waya. Miguu sitengenezi."

Nilicheka kidogo ili ionekane utani. Yeye hakucheka. Akasema, "Aksanti, mutoto wangu. Ni vizuri muntu aambiwe." Akavua vile viatu vilivyopasuka, akavifunga.

Novemba 29

Mwanga mzuri, mto umetulia. Niliwasha jenereta mapema nikisema nataka kuipasha moto. Bisibisi mfukoni, shati limepigwa pasi, maneno nimeyapanga.

Odette akaja peke yake.

"Mama amesema musimungoje. Amesema anajua sasa shida iko wapi, na haitengenezwi."

Cédric akakaa. Miguu yake huwa inacheza cheza hewani kama ya mtoto kwenye kiti kirefu, haigusi pedali mpaka katikati ya wimbo. Pedali nzima.

Desemba 6

Jua. Nzima. Mvua. Nzima. Nimevuta kamba mapema, nimevuta kamba mwisho, nzima. Korale inasema: mumeona? Tangu Mama aondoke haijasumbua hata siku moja. Hata Arsène amesema, "Pole sana kwa Mama, lakini fundi alikuwa na haki." Akanipiga bega. Harufu ya makayabu sikuisikia. Niliitafuta, ingenisaidia kidogo.

Desemba 13

Nimemwomba Odette amwambie Mama kwamba piano imepona, aje kesho, hata wimbo mmoja. Odette amevuka akarudi.

"Amesema imepona kwa kuwa yeye ametoka. Amesema hiyo piano uitunze vizuri."

Desemba 14

Jubile. Mapadri kumi na wawili, vitambaa vipya, wakimbizi wamefagiliwa hadi nyuma ya madarasa ili wasionekane. Cédric amepiga nyimbo za Bikira kama anasindikiza watu kwenda kucheza. Pedali haikukosea hata mara moja. Mwishoni Arsène akanisimamisha: "Na fundi wetu Waziri!" Makofi. Walinikalisha meza ya mbele, wakanipa paja la kuku. Mafuta yake yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nililiacha pale kwenye sahani, mimi ambaye sijawahi kuacha paja tangu nizaliwe.

Desemba 16

Nimevuka kwenda Alunguli. Mtumbwi umejaa mbuzi, mmoja alinikojolea mguu. Sikuufuta.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba kwenye shamba dogo la karanga, anapalilia. Niliona kwanza miguu. Alikuwa amevaa vile viatu vyeusi. Vya masista. Udongo umevifunika hadi juu, kimoja kimefungwa na kamba ya mgomba.

"Karibu, fundi! Unaangalia viatu? Vinafaa sana. Udongo hauingii." Akajiegemeza kwenye jembe. "Nasikia jubile ilikuwa nzuri. Cédric alipiga vizuri?"

"Alipiga, Mama."

"Na pedali?"

"Nzima."

"Njo vile." Akang'oa jani moja, akalitupa. "Nilikuwa nakanyaga kinyume miezi yote ile, na nilikuwa nawasumbua bure. Nilikutukana sana moyoni. Unisamehe."

Aliniomba msamaha. Yeye, mimi.

"Umekuja kwa shida gani?"

"Nilikuja kuona kama muna radio imeharibika."

"Haina radio hapa, mutoto wangu."

Nikapita sebuleni nikichukua maji. Ile meza ya kulia, mahali pa vidole vyake, rangi imelika pande mbili. Juu yake sasa kuna mihogo imeanikwa.

Desemba 17

Maestro Arsène, nilitaka nikunakilie daftari lingine, safi. Sitanakili. Nakupa hili kesho asubuhi, na makayabu yako yamo, unisamehe, na mende wamo. Soma taratibu Novemba 19 na Novemba 22, kisha uzisome mbele ya korale, wote arobaini wakiwepo na Odette akiwa karibu na nguzo. Kama hutaki, nitasoma mimi. Halafu twende Alunguli wote kwa mitumbwi. Peke yangu nimeshakwenda, na nimeona nilivyo: niliuliza radio.

Mtu yeyote atakayekaa kwenye piano hiyo, iwashwe kwanza, mguu baadaye. Hilo ni dogo, mtoto anaweza kulifanya.

Uliniambia niandike kifaa kimefanya nini. Kifaa hakikufanya kitu. Pedali haijaharibika hata siku moja. Mama aliniuliza kama ni mguu, nami nilikuwa nimeshajua siku tatu kwamba siyo, nikamwachia aamini.